Nyuzi za Chini za Mwalimu Rasoa

Mmeniomba niwaandikie kuhusu kazi ya piano, ninyi vijana watatu wa kwaya mnaozunguka na simu zinazosikia noti kwa niaba ya masikio yenu. Nimekubali, ila sitaanza na spana wala nyuzi. Nitaanza na uongo niliousema sebuleni kwa Mwalimu Rasoa, uongo wa maneno matatu tu, ambao nilikaa nao kwa miaka mingi kuliko umri wenu, hadi Agosti iliyopita. Ufundi mtauokota humo humo njiani.

Mimi ni Jothamu, fundi wa piano mstaafu. Kama mnajiuliza fundi wa piano alikula nini hapa Kakamega, alikula vizuri tu. Misheni zilikuwa na piano, shule za bweni zilikuwa na piano, na huko Lugari wazungu walipoacha mashamba waliacha na piano zao, maana si kitu cha kubeba kwapani. Familia zilizonunua yale mashamba zilikuta lidude jeusi sebuleni, zikaweka juu yake redio, mbegu za mahindi na picha za harusi, maisha yakaendelea. Ndani ya piano za Lugari nimewahi kutoa panya, soksi, Agano Jipya, na mara moja meno ya bandia ambayo hakuna aliyekubali kuwa ni yake.

Aliyenifundisha ni Mzee Elamu, mtu mfupi mwenye koti moja la kijivu na masikio makubwa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina cheti na sina kazi, shangazi yangu akanipeleka kwake. Hakuuliza habari ya cheti. Alichukua uma wa sauti, kile chuma chenye meno mawili ambacho ukikigonga kinatoa noti moja safi, akaugonga gotini na kuusimamisha juu ya meza.

"Ukinyamaza uniambie," alisema.

Nikangoja kidogo. "Umenyamaza, Mzee."

"Bado."

Nikainamisha sikio. Kweli ulikuwa unalia bado, mwembamba kama mbu aliye chumba cha pili.

"Nimekosea," nikasema.

"Basi kuja kesho," akasema.

Nadhani alinichukua kwa sababu ya kukubali kosa haraka. Ilikuwa mara yangu ya mwisho kulikubali haraka hivyo.

Sasa sikilizeni habari ya kuku, kwa maana bila huyo kuku hamtaelewa yaliyofuata.

Tuliitwa Lugari, karibu na Mautuma, kwenye nyumba moja ya zamani ya shamba. Binti wa pale alikuwa anaolewa na walitaka piano ilie siku ya harusi. Mzee Elamu akafungua ubao wa chini, pale karibu na magoti ya mpigaji, tukamkuta kuku amelala juu ya majani makavu, anatutazama kama karani ambaye hajamaliza chai. Mama mwenye nyumba akaingia mbio.

"Huyo msimguse," akasema. "Amelalia kumi na moja."

Mzee Elamu akavua kofia, kana kwamba ametambulishwa kwa mtu. Tukapanga nyuzi za juu na za katikati, yaani kuzikaza na kuzilegeza hadi zilie sawa. Lakini kila tulipogonga za chini, zile nene zilizoviringwa waya wa shaba, kuku alisimama na kutaka kuacha mayai. Mzee akafunga mkoba.

"Za chini tutarudi," akasema.

Nilimwambia njiani, "Mzee, nani atajua? Harusi ni tenzi mbili za kanisani na shangwe. Hizo za chini hawatazigusa."

"Kuku atajua," akasema.

Baada ya wiki tatu, harusi imepita, mayai yameanguliwa, Mzee Elamu alipanda basi kwa nauli yake, akanikokota mimi pamoja naye, akaenda kupanga nyuzi ishirini ambazo hakuna mtu aliyekuwa ameziulizia. Mama wa pale alitushangaa, akatupikia ugali na mmoja wa majogoo wake. Nilikula nikiwaza kwamba mwalimu wangu ana wazimu wa aina ya upole.

Wekeni hilo akilini, halafu msikie nilichokifanya mimi.

Mzee Elamu alipoacha kazi kwa sababu ya maumivu ya magoti, nilibaki peke yangu, na nikagundua jambo ambalo niliona ni la akili sana. Piano zangu karibu zote zilikuwa za makanisa na za shule. Wote hao wanapiga tenzi. Na tenzi, jamani, haziendi mbali. Piano ya zamani ina vibao themanini na vitano. Mpigaji wa tenzi anaishi katika arobaini vya katikati, kama mtu mwenye ekari kumi anayelima bustani nyuma ya jikoni. Nikaanza kupanga vile arobaini vizuri kabisa, na huku pembeni nikapapasa tu. Kazi ya siku nzima ikawa ya nusu siku. Wachungaji walinisifu. Nilifanya hivyo miaka na hakuna aliyelalamika, hata kuku.

Mwalimu Rasoa alikuwa anafundisha muziki katika shule ya wasichana. Alikuwa kijana bado, mrefu, mwenye kuongea polepole na kukuangalia mdomoni kama anayesubiri uharibu sarufi. Alinunua piano kutoka Lugari, na mnaweza kukisia ipi. Ililetwa juu ya lori la mahindi, katikati ya magunia, ikafika nyumbani kwake Lurambi bila mkwaruzo. Niliifungua, nikakuta unyoya mmoja mweupe.

Mwalimu alikuwa ametunga kipande chake mwenyewe cha piano, fidla na chelo. Chelo ni ile fidla kubwa inayokaa kati ya magoti. Alitaka kukipiga nyumbani, sebuleni, mbele ya watu thelathini walioalikwa kwa mkono. Hapakuwa na jukwaa wala kipaza sauti. Watu wangekaa karibu hadi wasikie mpigaji akivuta pumzi. Wakati huo hapa kwetu muziki wa kukaa na kusikiliza bila kucheza wala kuimba ulikuwa jambo geni. Watu waliuliza kama kutakuwa na mahubiri.

Kipande hicho alikitunga kwa ajili ya baba yake. Mzee Lihanda wa Shinyalu alikuwa mpiga isukuti, zile ngoma zetu tatu, na yeye alishika ile kubwa. Katika sehemu ya mwisho mkono wa kushoto wa Mwalimu ulishuka, ukashuka, hadi vibao vya mwisho kabisa vya piano, na huko ukapiga mapigo ya baba yake. Alinionyesha kwa fahari. "Fundi, hapa chini ndipo yeye alipo," aliniambia. "Hapa usinikosee."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi.

Onyesho lilikuwa Jumapili mchana. Nilikwenda Jumamosi asubuhi kupanga sauti. Na Jumamosi hiyo, vijana wangu, kulikuwa na fahali wawili waliokuwa wanakutana kupigana Khayega, mmoja ni wa ukoo wa mama yangu, na alikuwa amesifiwa wiki nzima. Nilikuwa nimemaliza katikati na juu nilipoyasikia: isukuti, baragumu, watu wanakimbia barabarani wakimsindikiza mnyama. Nikaangalia zile nyuzi za chini. Nikabonyeza moja. Haikuwa mbaya sana. Nikabonyeza ya pili, nikaiona inaweza kuvumiliwa. Nikafunika piano, nikaita kutoka mlangoni, "Mwalimu, tayari," nikaifuata ngoma.

Fahali wa ukoo wa mama yangu alifika uwanjani, akamtazama mwenzake, akafikiri, akageuka kurudi nyumbani. Yote yaliisha kabla sijapata mahali pa kusimama.

Mwalimu aliniamini, hakuzijaribu za chini. Jumapili watu walikuja. Mwalimu mkuu wake, wazee wawili wa kanisa, walimu wenzake, na kiti cha mbele kabisa Mzee Lihanda ndani ya koti la suti, mikono juu ya magoti, vidole vimejikunja kwa sababu ya miaka ya ngoma. Kisha ikaja mvua ya Kakamega, ile ya saa nane, ikapiga mabati hata mtu hasikii jirani yake akikohoa. Tukanywa chai tukingoja. Hapa andikeni: muziki wa sebuleni Kakamega ufanywe asubuhi. Mchana ni wa mvua, haijali kama mmealikana.

Saa kumi wakaanza. Ilikuwa nzuri. Watu walitulia, mzee mmoja wa kanisa alifumba macho, na kwa kweli hakuwa amelala. Kisha mkono wa kushoto ukashuka.

Nimesikia piano nyingi mbovu. Sijasikia kitu kama kile. Noti za chini zililia kama ng'ombe aliyezama tope akiita mwingine naye amezama. Mwalimu akasita, akarudia, zikalia tena. Watu wakaangalia vidole vyake. Nilimsikia mke wa mwalimu mkuu akisema kwa sauti ya chini, "Amepotea, maskini." Wale wa fidla na chelo wakaangaliana. Mwalimu akaiacha sehemu ya mwisho, akapiga utenzi mmoja mfupi, wa katikati, nao ukatoka safi kabisa, na watu wakapiga makofi ya huruma.

Mzee Lihanda alisimama, akamshika bega. "Ngoma imenyeshewa, binti yangu," akasema. "Ikikauka utanipigia."

Mwalimu akanigeukia mimi, mbele yao wote. "Fundi, hizi za chini ulizigusa?"

Na mimi, nikiwa nimepewa jibu na mzee wa watu, nikasema, "Ni mvua, Mwalimu."

Maneno matatu. Yule mzee hakumaliza mwaka. Ngoma zilimlilia Shinyalu usiku na mchana, na mimi nilisimama nyuma ya mgomba nikiangalia viatu vyangu.

Tangu hapo nimepanga kila kibao cha kila piano, hata zile za shule ambazo nusu ya vibao vimeng'olewa na watoto. Lakini kusahihisha kazi si kukiri. Mwalimu hakukipiga tena kile kipande. Aliendelea kuniita mara mbili kwa mwaka, nikaipanga piano yote kutoka mwisho hadi mwisho, naye akapiga tenzi. Na kila mara nilipomaliza aliniletea chai. Chai ya maziwa, rangi yake nzuri, moto, isiyo na sukari hata chembe.

Nilidhani ni ugonjwa. Katika nchi hii ambapo miwa inakaribia kuingia jikoni, ambapo kiwanda cha Butali kikisaga harufu inakufuata mpaka kitandani, mtu asiyetia sukari kwenye chai ya mgeni lazima ana amri ya daktari. Nikamsikitikia. Nikainywa na kushukuru, miaka yote hiyo. Mke wangu, Mama Ezra, aliniuliza siku moja, "Huyo mwalimu ana kisukari?" Nikasema ndiyo, maskini. Baadaye kisukari chenyewe kikanipata mimi.

Basi, Agosti iliyopita simu ikalia. Nilikuwa nimeshaacha kazi miaka miwili.

"Fundi," akasema, "vidole vyangu vimeanza kugoma. Nikingoja mwaka mwingine sitaweza. Nataka kupiga kile kipande cha Baba, hapa nyumbani, Jumamosi saa nne asubuhi. Utakuja?"

Nikakohoa. "Mwalimu, siku hizi kuna vijana wana simu."

"Nimekuita wewe," akasema.

Nilifika Jumatatu. Nikabonyeza kibao, kikashuka na hakikurudi. Nikabonyeza kingine, vivyo hivyo. Piano ilikuwa imevimba kwa unyevu kama maharagwe yaliyolowekwa. Nikafungua ubao wa chini nikaona sababu. Mzee Elamu alinifundisha kuweka balbu ndani ya piano, huko chini, iwake mchana na usiku, kwa maana Kakamega hewa yenyewe ni maji. Balbu ilikuwa inawaka vizuri tu. Ila ilikuwa nyeupe, baridi, ya kisasa.

"Mkwe wangu alibadilisha za nyumba nzima," Mwalimu akasema. "Hizi zinaokoa umeme."

"Mwalimu, piano haisomi gazeti. Inataka joto."

Nikazunguka mji mzima kutafuta balbu ya zamani, ile yenye waya ndani inayochoma vidole. Kwenye maduka ya vifaa vya umeme walinionea huruma. Mwishowe nikaingia duka la dawa za mifugo. Mama wa pale alikuwa anapima chakula cha kuku.

"Nataka balbu ya joto," nikamwambia.

"Una vifaranga wangapi, Mzee?"

"Mmoja."

Akaacha kupima. "Mmoja ndiyo unamnunulia balbu? Huyo si ulale naye tu."

"Ni mkubwa. Ana nyuzi zaidi ya mia mbili."

Akaniangalia kwa muda, akaamua asinibishie. "Iko nyekundu peke yake. Watu wanachukuanga hiyo. Usiweke karibu na majani, itachoma nyumba."

Hilo nalo andikeni. Balbu ya vifaranga ina moto kupita kiasi. Niliining'iniza shibiri mbili kutoka kwa ubao wowote, nikaketi kando yake kutwa, na jioni nikaizima. Ukiiacha peke yake utakuta jivu lenye pedali. Siku mbili nzima Mwalimu alipitapita sebuleni akiona piano yake inatoa mwanga mwekundu miguuni. Jumatano vibao vikaanza kurudi juu.

Alhamisi nikaanza kupanga sauti, na hapo nikakutana na aibu mpya. Nilipanga katikati, nikapanda juu, na nilipofika vibao kumi vya mwisho nikasikia nyundo tu zikigonga, tk, tk, kama mtu anayebisha mlango wa nyumba tupu. Noti yenyewe haikuwepo. Nilijua masikio yangu yamepungua, sikujua yamefunga duka. Nikakaa na spana mkononi. Ningeweza kukisia. Ningeweza kufunika piano na kuita, "Tayari."

"Mwalimu," nikaita. "Hizi za juu sizisikii."

Akaja, akavuta kiti, akaketi mbele ya vibao. Akabonyeza.

"Kaza," akasema. "Kidogo. Umepita. Rudisha. Bado. Bado. Hapo."

"Sisikii kitu."

"Najua. Ndiyo sababu nimeketi hapa. Inayofuata."

Tukaenda hivyo zaidi ya saa moja, yeye ni masikio na mimi ni mkono. Tukamaliza. Zikabaki za chini, na hizo, kwa bahati, mzee huzisikia hadi siku ya mwisho. Mwalimu akainuka kwenda jikoni.

"Keti kidogo," nikamwambia. "Siku ile ya baba yako. Haikuwa mvua."

Akaketi. Hakuniangalia, aliangalia vibao.

"Sema yote," akasema.

Nikasema yote. Tenzi, vibao arobaini, ngoma barabarani, fahali wa Khayega, jinsi nilivyobonyeza mbili nikafunika. Jinsi nilivyoyachukua maneno ya baba yake na kujificha ndani yake. Sikuongeza kitu na sikupunguza. Nilipomaliza, alipangusa kibao kimoja kwa kidole.

"Huyo fahali wenu alishinda?" akauliza.

"Alikimbia."

"Vizuri," akasema.

Kisha akaniambia. "Jumatatu ile, baada ya wageni, nilifungua kifuniko cha juu. Pini zinazoshika nyuzi za katikati zilikuwa zinang'aa, spana imezipangusa. Za chini zilikuwa na vumbi lake lote. Nilijua kabla chai yangu ya asubuhi haijapoa."

"Na hukuniambia."

"Nilingoja uniambie wewe. Nilikupa wiki moja."

Nilishika spana kama mtoto aliyekamatwa akiwa na mwiko.

"Nilipiga tenzi tu," akaendelea, "kwa sababu kila nilipofika kule chini sikumsikia Baba. Nilikusikia wewe ukisema ni mvua."

Mvua yenyewe ilikuwa imeanza nje. Tukaisikiliza wote wawili. Halafu jambo fulani likanijia kichwani, polepole, kama kibao kilichovimba kinavyorudi juu.

"Mwalimu," nikasema. "Na ile chai?"

"Chai ipi?"

"Isiyo na sukari."

"Fundi," akasema akiinuka, "nyumba hii haijawahi kukosa sukari hata siku moja. Panga nyuzi. Mengine tutaona Jumamosi."

Vijana, nimepanga piano za maaskofu. Sijawahi kupanga nyuzi kama nilivyozipanga zile. Uzi mnene ukiukaza haraka unakudanganya. Unakubali leo, kesho unalegea. Unaupeleka juu kidogo kuliko unavyotaka, unaugonga kwa nguvu, unaushusha ulale mahali pake, unaondoka, unarudi. Alhamisi nilifanya hivyo, na Ijumaa asubuhi zilikuwa zimeshuka. Nikaanza tena. Ijumaa jioni zikashuka, lakini kidogo. Jumamosi saa moja na nusu asubuhi nilikuwa mlangoni kwake. Zilikuwa zimeshika, isipokuwa ile ya mwisho kabisa, iliyokuwa inayumba kwa upana wa unywele. Nikairekebisha.

Kulibaki jambo moja. Juu ya piano palikuwa na kitambaa cha kufumwa, na juu ya kitambaa picha ya Mzee Lihanda katika fremu ya kioo. Kanuni yangu ni kwamba juu ya piano pasiwe na kitu, maana fremu inatetema na kuchafua sauti. Nikamwomba aiondoe.

"Baba anabaki," akasema.

Basi nikakata vipande vinne vya felti, kitambaa kile kizito cha sufu, nikaviweka chini ya fremu, kila pembe kimoja. Nikabonyeza noti ya chini. Kimya. Nikaridhika.

Mzee mmoja wa kanisa aliwahi sana, akakuta balbu bado inawaka. Akainama, akachungulia ule mwanga mwekundu.

"Fundi, kuna vifaranga humu?"

"Walikuwemo zamani," nikasema, nikaizima.

Watu walikuwa kama ishirini na watano, kwenye sofa na viti vya kuazima kanisani, magoti yakigusana. Jua lilikuwa bado linaingia dirishani. Amosi alishika fidla na Nekesa chelo, wote wawili wanafunzi wake wa zamani. Amosi sasa ni daktari wa mifugo na Nekesa anafanya kazi benki. Mama Ezra aliketi nyuma. Mimi niliketi pembeni ya piano, mahali pa fundi, ambapo kila mtu anaweza kukuona ukitoka jasho. Wakati tunasubiri niliona kisahani dirishani. Ndani yake vilikuwemo vipande vinne vya felti. Nikamwangalia Mwalimu. Akaniangalia, akaanza kupiga.

Sijui kuwaeleza muziki. Naweza kuwaambia tu kwamba watu waliacha kujikuna. Vidole vyake havikuwa vya zamani. Mara mbili vilichelewa, na Nekesa akamngoja bila kuonyesha kwamba anamngoja. Kisha ule mkono wa kushoto ukaanza kushuka. Nilishika magoti yangu. Ukashuka, ukapita mahali ambapo miaka ile nilikuwa nimekomea, ukashuka tena, na ngoma ikaingia chumbani. Ilikuwa ya chini, imara, inajibiwa na chelo, fidla ikirukaruka juu kama ile isukuti ndogo. Mzee wa kanisa mguu wake ukaondoka wenyewe. Mtu nyuma akaguna kwa kukubali, kama watu wanavyoguna Shinyalu ngoma ikishika.

Noti ya mwisho ilikuwa ni kile kibao cha mwisho kushoto. Aliibonyeza na kuiacha ilie. Na kioo cha picha kikatetema. Kilitetema hadi noti ikaisha, zzz, kidogo, wazi kwa kila mtu. Kama ingekuwa kazi yangu siku nyingine, ningefadhaika. Hakuna aliyepiga makofi bado. Mwalimu akanyoosha mkono, akagusa fremu.

"Imekauka, Baba," akasema, kwa sauti ambayo sisi wa karibu tu tuliisikia.

Ndipo watu wakapiga makofi, na hayo hayakuwa ya huruma.

Baadaye chai ikaletwa. Wasichana wa jikoni waliwapa wageni, lakini kikombe changu alikileta Mwalimu mwenyewe, pamoja na bakuli la sukari. Alisimama mbele yangu, akachota kijiko kimoja, akatia. Akachota cha pili. Akachota cha tatu, akakijaza hadi kikamwagika pembeni, akatia. Akakoroga, akanipa, akaenda kwa wageni wengine.

Daktari amenikataza sukari miaka minne sasa, na Mama Ezra ndiye askari wake. Alikuwa ameketi karibu nami tayari, na nilikuwa nimemweleza habari yote Alhamisi usiku. Akakiangalia kikombe. Akaniangalia mimi.

"Kunywa," akasema. "Hiyo daktari hahusiki."

Nikanywa. Sukari nyingi ilikuwa haijayeyuka, imebaki chini ya kikombe. Nikaimaliza kwa kijiko.